Chakula cha jioni kikigeuka kero: tafuta chanzo kabla ya kulaumu sahani

Mezani ndipo kero inapoonekana, lakini mara nyingi sipo inapozaliwa. Mtoto anayesusa chakula saa 1 usiku huenda alijaza tumbo biskuti tangu saa 11. Mzazi anayefoka kwa sababu ya maji yaliyomwagika huenda hasira yake ilianza pale alipofungua friza akakuta nyama bado ni barafu tupu. Kwa hiyo ukiona dalili, swali la kwanza lisiwe "hawa wana nini?" bali "hili lilianza saa ngapi?" Nimepanga milo ya wiki kwa nyumba ya watu watano kwa miaka mingi sasa, na nikifuatilia tatizo la mezani nyayo zake hunirudisha nyuma: jikoni, kwenye friji, wakati mwingine hadi siku ya manunuzi.

Soma dalili inayokuhusu, nyingine ziache. Na rekebisha jambo moja kwa wiki. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua lipi limesaidia, na watu wa nyumbani watachoshwa na sheria kabla hawajaonja chakula.

Saa 11 jioni imefika na hakuna anayejua kitapikwa nini

Hapa tatizo si upishi, ni uamuzi. Mtu ametoka kazini, ana njaa, mtoto anamvuta nguo. Huo si wakati wa kubuni chochote. Ndiyo maana hata watu wanaojua kupika vizuri kabisa huishia kukaanga mayai siku nne mfululizo.

Uhamishe uamuzi huo hadi wakati ambao umeshiba na umetulia. Mimi hutumia dakika 20 za Jumamosi asubuhi, kikombe mkononi. Kinacholeta tofauti ni mpangilio wa hatua. Usianze na mapishi, anza na friji: kile kinachokaribia kuharibika ndicho mlo wa Jumapili na Jumatatu. Kisha fungua kalenda uone nani anachelewa siku gani, nani ana mazoezi, siku ipi hakuna mtu nyumbani kabla ya saa 12. Mapishi yaje baada ya hapo, na orodha ya manunuzi mwisho kabisa. Anayeanza na mapishi hununua kitu kizima kwa ajili ya kijiko kimoja, huku bilinganya mbili zikinyauka kwenye droo.

Ukikwama kwenye kuchagua, kaeni pamoja muandike milo ambayo kwenu huliwa bila mabishano. Ya kwetu ilifika 9, nami nilikuwa nikilalamika kwamba hatuna hata mitano. Halafu zipe siku aina ya mlo badala ya jina la chakula: siku ya maharage au dengu, siku ya mayai, siku ya supu, siku ya samaki. Ukijua kwamba kesho ni supu, kilichobaki kuamua ni supu gani, na hilo hata mtu aliyechoka analiweza.

Ratiba inaanza vizuri Jumatatu, ikifika Jumatano imekufa

Hii ndiyo dalili ninayoijua kuliko zote. Ratiba yangu ya kwanza niliibandika kwenye mlango wa friji: mistari saba, mwandiko mzuri, kila siku na chakula chake. Jumatano iliandikwa "kuku wa kuoka". Nikarudi saa 12 jioni, nikamkuta kuku yuko kwenye friza kama tofali, miguu imegandana na mfuko. Tulikula mkate. Alhamisi sikuitazama tena ile karatasi.

Ilinichukua muda kuelewa kosa liko wapi. Ratiba iliandika "kuku", haikuandika "mtoe kuku friza Jumanne". Kuku mzima wa kilo 2 anahitaji takriban saa 24 kwenye friji ili ayeyuke. Kwa maji baridi, akiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, hesabu nusu saa kwa kila nusu kilo, na maji yabadilishwe kila dakika 30, kisha apikwe mara moja. Usimwache mezani mchana kutwa wala usimtumbukize kwenye maji ya moto. Nje yake itafikia joto ambalo bakteria hustawi wakati ndani bado ni barafu.

Tangu siku hiyo ratiba yangu ina safu mbili. Ya kwanza inasema kinacholiwa leo. Ya pili inasema kinachoandaliwa leo kwa ajili ya kesho, na hiyo ndiyo inayookoa wiki: Jumapili usiku, loweka maharage, Jumanne, mshushe kuku, Jumatano, menya viazi uviache ndani ya maji kwenye friji. Kazi za dakika tano tano, lakini ndizo zinazofanya saa 12 ya kesho iwe ya amani.

Kwa kuwa nimegusa maharage: yale mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa kwa kuchemka sawasawa. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji, weka mengine, kisha yachemke kwa nguvu angalau nusu saa kabla ya kupunguza moto. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole peke yake haifiki joto la kutosha, hivyo yachemshe kwanza ndipo uyahamishie humo.

Ikiwa safu ya pili ipo na ratiba bado inakufa, chunguza haya. Je, umepanga siku zote saba? Punguza ziwe tano. Moja iache kwa viporo, moja iache wazi. Je, mlo mrefu umeangukia siku ngumu? Chakula cha zaidi ya dakika 40 jikoni kiende siku ambayo kuna mtu anayewahi kurudi. Je, samaki na mboga za majani umezipanga Ijumaa wakati ulinunua Jumamosi iliyopita? Vinavyoharibika haraka viliwe mwanzo wa wiki. Kabichi, karoti, boga na viazi vinaweza kungoja. Na uwe na mlo mmoja wa akiba usiotegemea friji wala nguvu zako: tambi, samaki wa kopo, kitunguu, nyanya za kopo. Siku ratiba ikikwama unapika huo, unaendelea na kesho. Kubadilishana siku mbili si kushindwa. Ratiba ni yako, si ya mwajiri.

Mboga zinaoza, viporo vinamwagwa

Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na takriban asilimia 60 ilitoka majumbani. Kwenye nyumba moja chanzo huwa kidogo tu: chakula kimefichika. Kilicho nyuma ya friji hakipo akilini mwa mtu. Weka kisanduku kimoja mbele, kwenye rafu iliyo usawa wa macho, ukiandike "Kula kwanza", na kila kinachokaribia mwisho kihamie humo.

Viporo vina mambo mawili: usalama na heshima. Kwa usalama, Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kiingie friji chini ya nyuzi 5 za selsiasi, na kikipashwa moto kifike nyuzi 70 hadi katikati, si pembeni tu. Sufuria kubwa ya supu hupoa polepole mno, kwa hiyo igawe kwenye vyombo vifupi. Wali uharakishe zaidi: una mbegu za bakteria ambazo hustahimili kuchemka, na sumu ambayo bakteria hao huitoa wali ukikaa nje haiondoki kwa kupashwa moto. Viporo vya kwenye friji vimalizwe ndani ya siku 3 au 4. Zaidi ya hapo vigandishwe, chombo kikiachwa na nafasi juu, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9.

Kwa heshima, usikirudishe kiporo mezani kikiwa na sura ileile. Mbavu na mabaki ya kuku wa juzi yawe supu, mboga zilizobaki ziingie kwenye mayai. Mtu anayenuna akisikia "kilekile cha juzi" hula vizuri kitu kipya chenye ladha anayoifahamu.

Mtoto anasusa

Twende kwa mpangilio, kwa sababu chanzo cha kwanza ni chepesi na wengi hukiruka.

Ameshiba. Hesabu alichokula na kunywa tangu saa 10 jioni. Maziwa na juisi ni chakula, hata kama tunaviita vinywaji. Mwaka 2017 jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani ilishauri juisi ya matunda kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3 isizidi takriban mililita 120 kwa siku, nayo ni nusu ya kikombe tu. Acha pengo la kama saa mbili kati ya vitafunio na mlo, maji pekee yakiruhusiwa. Akilia njaa wakati bado unapika, mpe mboga ya mlo huohuo, iliyokatwa vipande, akiwa amesimama hapo jikoni. Anachokula hapo kihesabie kuwa sehemu ya chakula chake cha jioni.

Chakula ni kigeni kwake. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi hukiogopa chakula wasichokijua. Ni hatua ya kukua, si ukaidi. Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi huhitimisha "hapendi" baada ya mara tatu. Kwetu ilikuwa boga. Nilikuwa nikimwekea mwanangu wa kati kipande kimoja, cha ukubwa wa kidole gumba, pembeni ya vitu anavyovipenda. Mara ya kwanza alikisukuma hadi ukingoni mwa sahani. Mara ya tatu alikinusa. Mara ya sita alikilamba, akakirudisha, akajifuta ulimi kwa mkono. Nilikuwa naweka alama nyuma ya kalenda. Mara ya 11 alikitia mdomoni, akatafuna, akameza, akaendelea na wali wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikusema neno. Kunyamaza kule ndiko kulikokuwa kazi ngumu kuliko kupika. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, mradi kamba yenyewe isivutwe kwa hasira.

Kwa sababu chanzo cha tatu ni sisi: tunamshinikiza. "Vijiko vitatu tu", "mbona dada yako amemaliza", "ukimaliza mboga utapata keki". Huo wa mwisho unaonekana mpole lakini unaharibu zaidi, maana unamfundisha mtoto kwamba mboga ni adhabu na keki ndiyo malipo ya kuivumilia. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliligawa jambo hili kwa namna ambayo imenisaidia sana: mzazi anaamua nini kinaliwa, lini na wapi; mtoto anaamua kama atakula, na kiasi gani. Kila mmoja akae kwenye upande wake. Usimpikie chakula cha peke yake, lakini hakikisha mezani kuna angalau kitu kimoja anachokiweza, hata kama ni wali mtupu. Mpakulie kidogo, kiasi ambacho anaweza kumaliza na kuomba tena. Akisema ameshiba, mwamini. Mlo ujao hauko mbali.

Kuna kususa ambako si kwa kungojewa. Mtoto anayepungua uzito, anayekohoa au kukabwa mara kwa mara akila, anayelia kwa maumivu, au ambaye orodha ya anavyokula inazidi kupungua badala ya kuongezeka, mpeleke kwa daktari. Na kwa walio chini ya miaka 4, zabibu na nyanya ndogo zikatwe vipande vinne kwa urefu, na njugu nzima zisiwepo kabisa.

Kila mtu anakula akiwa kimya, au anajibu "sawa tu"

Simu kwanza: ziwekwe zote mahali pamoja, mbali na meza, ya baba na ya mama zikitangulia. Hakuna zaidi la kusema hapo.

Simu zikiondoka na kimya kikabaki, angalia maswali yenu. "Shule ilikuwaje?" ni swali la ukaguzi, na mtoto hulijibu kama anavyojibu mkaguzi. Uliza kitu kidogo kinachoshikika: leo nani alikuchekesha? Ni kitu gani ulikiona njiani? Ungepewa nusu saa ya ziada leo ungeifanyia nini? Na wewe tangulia kujibu, kwa ukweli. Siku niliyosema mezani kwamba nimekosea hesabu kazini na nikaona aibu, binti yangu mkubwa alitoa habari ya mtihani ambayo alikuwa ameificha wiki nzima.

Tunao mchezo wa "tamu na chungu": kila mtu anataja jambo moja tamu na moja chungu la siku hiyo, na hakuna ruhusa ya kumshauri mwenye chungu mpaka aombe. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowafungua watoto. Siku nyingine ni vitendawili, au mtu mmoja anaanzisha hadithi kwa sentensi moja, mwenzake anaongeza nyingine, hadi sahani ziishe.

Chakula ni kizuri, ila kila mtu amechoshwa

Badilisha umbo la mlo kabla ya kubadilisha chakula. Viweke vitu kwenye mabakuli tofauti katikati ya meza, wali, maharage, nyama iliyokatwa, nyanya, parachichi, pilipili pembeni, kila mtu ajijengee sahani yake. Ni chakula kilekile cha sufuria moja, ila sasa mtoto ana mamlaka juu yake. Kuleni mkiwa mmekaa sakafuni. Kuleni chakula cha asubuhi usiku. Mwache mtoto aliyesaidia kupika akipe chakula jina na alitangaze. Nimeona mtoto akila mchicha aliouita "msitu wa simba" baada ya miezi ya kuukataa.

Meza imekuwa uwanja wa ugomvi

Tazama ni kesi gani huletwa pale. Matokeo ya mtihani, fedha zilizopotea, kazi ambazo hazikufanywa: tunazileta mezani kwa sababu ndipo wahusika wote wanapopatikana. Zipangie mahali pengine, na ikiwezekana saa maalumu. Kisha tazama urefu wa mlo. Mtoto wa miaka 3 akikaa dakika 15 amefanya vya kutosha. Ukimshikilia 45 utapata ugomvi wa kujitakia.

Mtu mmoja amechoka na mambo ya chakula

Mara nyingi kinachomchosha si mwiko, ni kufikiri. Kukumbuka kwamba mafuta yamebaki robo chupa, kwamba mmoja hali kitunguu kibichi, kwamba kesho ni siku ya kubeba chakula shuleni. Ndiyo maana "nikusaidie nini?" haipunguzi mzigo: mwenye mzigo inabidi afikiri tena ili akupangie kazi. Gawaneni siku nzima nzima. Mwenye Alhamisi ndiye anayepanga Alhamisi, anayehakikisha vitu vipo, anayepika na anayesafisha jiko, kwa namna yake, bila kusimamiwa.

Watoto wanaweza zaidi ya tunavyowapa. Wa miaka 4 anaosha nyanya na kuchambua majani ya mboga. Wa 7 au 8 anapima mchele, anakoroga, anapanga meza. Wa 10 anaweza kupika mayai mtu mzima akiwa karibu. Wa 13 apewe usiku wake kwa wiki, na mipaka mitatu tu: kuwe na cha kushibisha, kuwe na cha kujenga mwili, kuwe na mboga. Chumvi ikizidi, kuleni, na mwambieni ukweli kwa upole. Wiki inayofuata ataonja kabla ya kupakua.

Ratiba za watu hazikutani

Mlo wa pamoja si lazima uwe wa usiku. Ikiwa asubuhi ya Jumapili ndiyo pekee mnayokuwa wote, ifanyeni hiyo kuwa meza yenu, na anzeni na mara mbili kwa wiki badala ya saba. Siku za kuchelewa, pika vitu vinavyovumilia kungoja, kama mchuzi, supu na dengu. Vya kukaanga hulainika na kupoteza utamu. Sahani ya atakayechelewa kwa muda unaozidi saa mbili iende friji, si juu ya jiko lililozimwa.

Na asile peke yake huku wengine wakiosha vyombo. Kwetu anayechelewa ni binti yangu mkubwa, siku za mazoezi hufika saa 2 na nusu. Mdogo wake, ambaye ameshakula, huvuta kiti na kukaa naye na kikombe cha maji, dakika 10 hivi. Tukiwa jikoni huwasikia wakizungumza mambo ambayo mezani hayakutajwa.